Haraka ya Sinema na Haki ya Mtu

Mtu aliyetazama sinema za taharuki mara kumi hana haja ya kuambiwa kitakachotokea katika ile ya kumi na moja. Simu itanyamaza pale inapohitajika kulia. Gari litakataa kuwaka mpaka adui awe amebakisha hatua tatu. Mtu aliyesikia kishindo ghalani usiku atakwenda kukitazama peke yake, bila taa wala mwenzi. Askari mzee aliyebakiwa na juma moja kabla ya kustaafu atauawa kabla juma halijaisha. Jambazi aliyemweka shujaa mbele ya mtutu wa bunduki hatafyatua; atamtolea kwanza hotuba ndefu juu ya hila zake zote, mpaka shujaa apate wasaa wa kujifungua kamba. Bomu litakuwa na saa, na saa itasimama sekunde moja kabla ya maangamizi. Na watoto waliolelewa katika vibanda vya video, Nairobi hata Mombasa, wamekwisha kuitia kanuni kuu ya sinema hizi katika maneno mawili tu: steringi hafi.

Wako wanaozicheka kanuni hizi, wakasema kwamba sinema za namna hiyo hazina thamani kwa sababu zote ni moja. Shutuma hiyo ni nyepesi, nami sishirikiani nayo. Ikiwa kurudia kanuni ni aibu, basi tuanze kuwaaibisha watunzi wetu wa tenzi, ambao kwa karne nyingi wamefungua kazi zao kwa kumsifu Mungu na kuzipima beti zao kwa mizani nane. Tuwaaibishe na bibi zetu, ambao hadithi zao huanza hapo zamani za kale, na ndani yake sungura humshinda fisi kila jioni. Hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba sungura ameshinda tena. Kanuni ni mapatano baina ya msimuliaji na msikilizaji, na mapatano yakiwa mema hakuna anayedhulumiwa.

Tena kanuni za taharuki zina akili ndani yake. Mwongozaji Mwingereza Alfred Hitchcock, alipozungumza na mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, katika mwaka wa 1962, alieleza siri ya kazi yake kwa mfano mwepesi. Watu wawili wamekaa mezani wakizungumza mambo yasiyo maana. Ghafula bomu lililofichwa chini ya meza linapasuka. Watazamaji hushtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini waonyeshe bomu hilo tangu mwanzo, uwaonyeshe na saa iliyo ukutani, na wale wawili wasijue lolote. Mazungumzo yale yale yasiyo maana yatawatoa watazamaji jasho kwa dakika kumi na tano, kila mmoja akitamani kupiga kelele: "Ondokeni!" Hiyo ndiyo taharuki. Nguvu yake haimo katika mlipuko. Imo katika kujua jambo ambalo mhusika halijui. Mwenye kuitumia nguvu hiyo vizuri ni fundi, na fundi hustahili heshima yake.

Basi mashtaka yangu ni mengine. Katika rundo la kanuni hizi, ambazo nyingi ni mchezo usiodhuru, zimo tatu ambazo kila moja imebeba hukumu juu ya binadamu. Mtazamaji huzimeza pamoja na utamu wa hadithi, kama mgonjwa anayemeza kidonge kilichopakwa sukari, asijue kilichomo. Kidonge hicho nataka tukipasue.

Kanuni ya kwanza ni ile inayosema kwamba saa ikigonga, sheria ikae kando.

Mfano mkubwa ni sinema ya Marekani iitwayo Dirty Harry, iliyoongozwa na Don Siegel katika mwaka wa 1971. Clint Eastwood ni Harry Callahan, mpelelezi wa San Francisco. Muuaji amemteka msichana na kumfukia mahali ambapo hewa itamwishia. Harry anamkuta muuaji huyo katika uwanja wa michezo usiku, anamjeruhi mguu kwa risasi, kisha anaukanyaga mguu ule ule wenye jeraha mpaka mtu yule aseme msichana yuko wapi. Baadaye mwendesha mashtaka anamwambia Harry kwamba ushahidi wote umeharibika: ameingia makazi ya mtu bila kibali, na amemtesa mshukiwa. Muuaji anaachiliwa, anateka basi la wanafunzi, na mwisho Harry anamuua na kuitupa beji yake majini.

Watazamaji wengi waliitoka sinema hiyo wakiwa na hasira juu ya sheria. Lakini itazame tena, msomaji, kwa macho makavu. Msichana alipofukuliwa alikuwa maiti. Mateso yale hayakumwokoa. Kilichopatikana kwa kuukanyaga mguu ni mwili wa marehemu na kesi iliyovunjika. Hadithi yenyewe imetoa ushahidi dhidi ya shujaa wake, lakini imepangwa kwa ufundi hivi kwamba hatuusikii ushahidi huo. Tunasikia saa tu.

Kwa nini hatuusikii? Kwa sababu sinema imetupa macho ambayo hayako duniani. Tangu dakika za kwanza tumemwona muuaji akiua. Tunamjua kwa sura na kwa silaha yake, na hakuna chembe ya shaka ndani yetu. Harry anapomkanyaga, sisi hatuoni mshukiwa akiteswa. Tunaona mwenye hatia akiadhibiwa. Kamera imekwisha kukaa kitini pa hakimu na kutoa hukumu kabla ya askari kufika. Lakini nani katika dunia hii anayo kamera hiyo? Askari wa kweli humkamata mtu kwa sababu ya fununu, au kofia inayofanana na kofia nyingine, au neno la jirani mwenye chuki. Uhakika ambao sinema imempa mtazamaji bure ndio ule ule ambao polisi na mahakama hutaabika kuutafuta. Mwenye kusema "ateswe ili tujue" amesahau kwamba kama angejua kwa hakika ni nani wa kuteswa, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Sisi Wakenya hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Katika miaka ya 1980, vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi, vilitumiwa kuwatesa watu walioshukiwa kuwa wapinzani wa serikali, wakiwamo wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu. Watu walifungiwa gizani, wakanyimwa chakula, wakapigwa, wakasimamishwa katika vyumba vilivyojazwa maji. Walipofikishwa mahakamani wengi walikiri waliyotakiwa kukiri, wakafungwa. Miaka mingi baadaye Mahakama Kuu ikawaamulia wengi wao fidia, kwa kuwa haki zao zilivunjwa. Waliowatesa nao walisema kwamba nchi ilikuwa hatarini na wakati haukuwapo. Saa yao ilikuwa ikigonga. Lakini mateso hayakufichua ukweli. Yaliwafanya watu wawe mwangwi wa sauti ya mtesaji. Ukimbana mtu vya kutosha atakwambia unalotaka kusikia, na wewe utaondoka umeridhika, huku bomu, ikiwa liko kweli, limeachwa pale pale lilipo.

Ndiyo sababu Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 25, imeuweka uhuru wa kutoteswa miongoni mwa haki chache zisizoweza kuwekewa mpaka wowote. Waliotunga ibara hiyo hawakuwa watu wasiojua hatari. Walijua kwamba kila mtesaji huja na saa mkononi.

Kanuni ya pili ni ile ya uso wa adui.

Sinema ya taharuki haina muda wa kueleza. Inataka mtazamaji amtambue mbaya mara aingiapo mlangoni, na njia fupi ya kumtambulisha ni kumtia alama. Zamani alama hiyo ilikuwa kovu shavuni. Katika miaka ya vita baridi aghalabu ilikuwa lafudhi ya Kirusi. Baada ya hapo ikawa kilemba, ndevu, jina la Kiarabu au la Kisomali. Alama hubadilika kwa majira, lakini desturi ni ile ile: hatia husomwa usoni kabla ya tendo.

Mwaka wa 2015 ilitolewa sinema iitwayo Eye in the Sky, ya mwongozaji Gavin Hood. Kisa chake kiko Nairobi, ingawa picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini. Maofisa wa Uingereza na Marekani, wakitumia ndege isiyo na rubani, wanaichungulia nyumba moja ya Eastleigh ambamo magaidi wanavaa mabomu. Msichana mdogo aitwaye Alia anauza mikate nje ya ukuta wa nyumba hiyo. Je, kombora litupwe?

Nitaisifu sinema hii kabla ya kuilaumu, kwa maana haki ni haki. Yenyewe inaijua kanuni ya saa, lakini inathubutu kuwaleta wanasheria na mawaziri wakabishane huku saa ikigonga. Inaonyesha jinsi kamanda anavyomshurutisha ofisa wa chini apunguze makadirio ya hatari kwa msichana mpaka yashuke chini ya asilimia 50, ili karatasi ziruhusu kile ambacho moyo umekwisha kuamua. Na mwisho Alia anakufa. Hapa hapana sekunde moja ya mwisho. Mtazamaji hutoka akiwa na mzigo, na ni vema aubebe.

Lakini Eastleigh iliyo ndani ya sinema hiyo ni ipi? Ni mahali ambapo watu wenye bunduki wameshika barabara, na askari wa serikali hawawezi kuingia kumkamata mtu. Eastleigh ya kweli ni soko. Ni maduka juu ya maduka ya nguo, mazulia, simu na manukato, ambako wafanyabiashara kutoka pande zote za Kenya na nchi jirani huja kununua kwa jumla. Mtazamaji wa London au Chicago ambaye hajawahi kusikia jina hilo amejifunza jambo moja tu juu ya watu wake, nalo si la kweli.

Msomaji atasema: ni jambo gani hilo? Mtu wa mbali afikiri atakavyo! Lakini fikira za namna hiyo haziko mbali peke yake. Katika mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya mabomu Nairobi, polisi wetu waliendesha msako uliokuwa na kitovu chake Eastleigh. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikusanywa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wachujwe. Wazee walikuwamo, na akina mama, na watoto. Kosa la wengi wao lilikuwa sura na mtaa. Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyoamuru msako huo. Nasema kwamba taifa likizoea kumtambua adui kwa uso, halitashangaa siku nyuso zitakapokusanywa uwanjani.

Kanuni ya tatu ni ndogo kwa kuitazama, lakini pengine ndiyo kongwe kuliko zote. Ni kanuni ya watu wasiohesabiwa.

Nani asiyeijua ile mbio ya magari ipitayo sokoni? Shujaa anafukuzwa. Gari lake linapasua kati ya meza za wachuuzi. Machungwa yanaruka, mayai yanavunjika, kuku wanatawanyika, mwanamke anajitupa mtaroni. Watazamaji hucheka na kushangilia. Kisha picha inakwenda na shujaa, wala hairudi tena sokoni. Lakini mama mboga yule amebaki. Meza yake ilikuwa mtaji wake, na mtaji huenda ulikuwa wa mkopo wa chama. Nani atamlipa? Karo ya mtoto wake itatoka wapi? Sinema haijui, kwa kuwa kamera imekwisha kuamua kwamba yeye ni mandhari.

Ndivyo ilivyo pia kwa walinzi wa lango wanaopigwa risasi kumi kwa dakika, na kwa abiria wa treni, na kwa watu wa nchi za mbali ambao miji yao hutumiwa kama uwanja wa mapambano ya wageni. Hata sinema njema huteleza hapa. The Constant Gardener ya mwaka wa 2005, iliyotokana na riwaya ya John le Carré na kupigwa picha nchini Kenya, Kibera na Loiyangalani zikiwamo, ilikuwa na ujasiri wa kuuliza ni nani hujaribiwa dawa za makampuni makubwa na ni nani huhesabu wanaokufa. Swali hilo ni la heshima. Walakini anayeuliza ni Mwingereza, anayetafuta ni Mwingereza, na machozi tunayoonyeshwa kwa karibu ni ya Waingereza. Maskini wa Kibera ndio wanaouawa na dawa, lakini hata katika hadithi ya mauti yao wenyewe hawakupewa nafasi ya mbele.

Sasa nasikia jibu la watetezi. Wanasema: "Huo ni mchezo tu. Mtu huenda kutazama ili apumzike. Hatoki pale akaenda kutesa watu." Ni kweli kwamba hatoki hivyo, nami sikudai. Sinema moja haimgeuzi mtu mwema kuwa mwovu. Lakini kanuni si sinema moja. Ni jambo lile lile lililorudiwa mara mia mbele ya macho ya kijana, na mazoea hujenga tabia. Kinachojengwa hapa si tamaa ya kuua. Ni kukosa subira: ile hali ya kumwona wakili kuwa ni kikwazo, na hakimu kuwa ni kichelewesho.

Hali hiyo tunaijua barabarani. Mtu mmoja hupaza sauti: "Mwizi!" Papo hapo umati hukusanyika, na kila mtu huokota jiwe. Hakuna aliyeuliza nini kimeibwa, wala ni nani aliyeona. Mara nyingine aliyepiga ukelele ndiye mwizi mwenyewe. Umati ule hujiona kuwa ni shujaa aliyekuja kwa wakati. Kila mmoja anaamini kwamba ameona yote, kama mtazamaji aliyekaa mbele ya picha, kumbe amesikia neno moja tu.

Ajabu ni kwamba taharuki yenyewe ilikwisha kutuonya juu ya jambo hili zamani. Katika mwaka wa 1931, Fritz Lang alitoa Ujerumani sinema iitwayo M. Ndani yake yuko muuaji wa watoto. Polisi wanafanya misako kila usiku mpaka biashara za wahalifu wa mji zinaharibika. Basi wahalifu wanaamua kumtafuta wenyewe, wakiwatumia ombaomba kuwa wapelelezi, na kipofu auzaye mapulizo anamtambua kwa mluzi wake. Wanamkamata, wanampeleka katika kiwanda kilichoachwa, na wanamfanyia mahakama yao. Mtu huyu ana hatia bila shaka yoyote. Tumeonyeshwa. Hata hivyo, mbele ya umati unaotaka damu, mmoja anasimama kumtetea na kusema kwamba si haki yao kumuua. Apelekwe mbele ya sheria. Umati unamzomea. Mtazamaji naye, aliyekuwa akiomba muuaji akamatwe, hugutuka anapojikuta amesimama upande wa umati. Miaka miwili baadaye nchi ile iliingia mikononi mwa watu walioitupa sheria kwa jina la haraka na usalama. Lang alitumia kanuni zile zile, mbio na giza na saa, lakini alizitumia kumwamsha mtazamaji. Basi hoja ya kwamba sinema ya taharuki haiwezi kuwa vingine haina mguu wa kusimamia.

Kwa hiyo siombi sinema hizi zipigwe marufuku. Bodi ya serikali huzipanga kwa umri wa watazamaji, na hiyo ni kazi yake. Lakini hakuna bodi iwezayo kuketi ndani ya kichwa cha mtu na kumuuliza maswali. Kazi hiyo ni yako, kijana usomaye. Tazama, furahi, shika kiti kwa hofu saa inapogonga. Kisha taa zikiwashwa uliza mambo matatu. Je, uhakika wangu kwamba huyu ana hatia ulitoka wapi, na askari wa kweli angeupata wapi? Je, adui nilimjua kwa tendo lake au kwa uso wake? Je, nani alilipa gharama ya ushindi, na jina lake lilitajwa?

Maswali haya hayaharibu utamu. Fundi hodari hayaogopi, na asiye hodari ataumbuka. Lakini faida yake iko mbali zaidi na utamu wa sinema. Watoto wa vibandani husema kweli: steringi hafi. Mtungaji amempa ahadi, na kabla ya mwisho atamwokoa. Sisi wengine hatukupewa ahadi hiyo. Siku tutakapokamatwa kwa kufananishwa na mtu mwingine, au kwa kupita katika mtaa usiotakiwa saa isiyotakiwa, hakuna mtungaji atakayeisimamisha saa. Kutakuwa na ibara chache za sheria tu, na mtu mmoja mwenye subira ya kuzisoma. Sheria ilitungwa kwa ajili ya watu wasio na hakika kwamba wao ndio steringi, nao ni watu wote.